Tetere wa Ukosi na Bunduki Isiyompunguza

Picha ilifika kwenye simu ya jirani yangu hapa Shella, Malindi, baada ya sala ya alasiri, na kabla ya adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha kuzunguka baraza nzima. Ilimwonyesha mwana wa nduguye, kijana aliyehamia Texas miaka mingi iliyopita, amesimama nyuma ya gari la mizigo, na juu ya kibao cha nyuma cha gari hilo wamepangwa njiwa zaidi ya thelathini, vifua juu, safu baada ya safu, kama samaki wanaosubiri mnada. Chini ya picha aliandika maneno machache tu: "Ami, hawa hawana kikomo."

Swali la kwanza barazani lilihusu uchinjaji, na kijana akajibu kwamba husema bismillahi kabla ya kufyatua na humkimbilia kwa kisu kila anayemkuta bado yu hai. Hilo nawaachia wenye elimu ya fiqhi. Swali la pili lilikuwa gumu zaidi: inakuwaje nchi yenye sheria kali za uwindaji, ambayo humtoza faini mtu aliyezidisha ndege mmoja juu ya idadi aliyoruhusiwa, imwachie mwindaji njiwa mwingine ampige bila hesabu? Na la tatu lilitoka kwa mzee aliyeishika simu kwa muda mrefu kuliko wote, akaikuza picha kwa vidole viwili, kisha akasema, "Lakini huyu si tetere wetu huyu? Tazameni mstari wa shingoni."

Nianze na la mzee, kwa sababu kosa lake ni la haki na limewahi kufanywa na wataalamu wakubwa. Katika pwani yetu tunao njiwa wa mwituni wa aina kadhaa, ambao kwa mazoea tunawachanganya katika majina mawili au matatu. Yuko pugi mdogo wa vichakani, mwenye madoa ya kijani yanayometa bawani. Yuko ninga wa kijani anayekula tunda juu ya mikuyu. Yuko tetere mwekundu-mwekundu, mwenye vidoadoa kifuani, anayeokota chembe uani pamoja na kuku. Na wako wawili wenye mstari mweusi nyuma ya shingo: mmoja mkubwa, mwenye jicho jekundu, hupenda miti mirefu, na mwingine mdogo wa rangi ya majivu, ambaye sauti yake husikika mchana kutwa katika mashamba ya minazi na mikorosho, hata mtu akaacha kuisikia. Huyo wa mwisho ndiye mzee aliyedhani amemwona kwenye picha.

Aliyekuwa kwenye picha ni binamu yake. Wanasayansi humwita Streptopelia decaocto, na kwa kuwa hana jina la Kiswahili linalojulikana, nitamwita tetere wa ukosi, maana mstari wake mweusi umekaa pale pale kwenye ukosi na hauzunguki shingo yote. Ni mkubwa kuliko tetere wetu wa mashambani, ana uzito wa gramu 200 hivi, rangi yake ni ya kijivu kilichopauka kama mchanga mkavu, na ncha ya mkia wake ni butu, imekatwa mraba. Hulia kwa mikupuo mitatu, wa katikati ukiwa mrefu na mzito kuliko mingine. Neno decaocto ni la Kigiriki na maana yake ni kumi na nane: Wagiriki husimulia kwamba mjakazi mmoja alilipwa sarafu kumi na nane tu kwa mwaka mzima wa kazi, akaililia miungu, nayo ikamuumba ndege wa kuutangaza ubahili wa bibi yake kwa kulitamka hesabu hilo kila siku. Nimeisikiliza sauti hiyo katika rekodi mara kadhaa, na nakiri kwamba sikuisikia kumi na nane hata mara moja.

Asili ya tetere wa ukosi ni Bara Hindi na nchi za jirani zake. Inaaminika kwamba zama za milki ya Uturuki alipelekwa au alijipeleka hadi Uturuki na nchi za Balkani, na huko akatulia kwa miaka mingi bila kuvuka mpaka. Kisha, kuanzia miaka ya 1930, akaanza kusogea. Mwaka 1955 aliatamia kwa mara ya kwanza nchini Uingereza, katika pwani ya Norfolk, na miaka michache baadaye akawa Ireland. Katika kipindi kisichozidi umri wa mtu mmoja alikuwa ameienea Ulaya karibu yote, kwa mwendo ambao waliopima wamekadiria kuwa zaidi ya kilomita 40 kwa mwaka. Upande wa kusini aliingia Misri, Tunisia na Moroko. Ulaya hakubebwa na meli wala kuachiliwa na tajiri yeyote, alikwenda kwa mabawa yake, na la ajabu ni kwamba alipendelea sana upande mmoja, kaskazini magharibi.

Namna anavyoenea inaeleza mengi kuhusu kwa nini ni vigumu kumzuia. Watu wengi huwazia uvamizi kama maji ya bamvua yanayopanda ufukweni kidogo kidogo, mstari mmoja ukisogea mbele, hivyo hudhani kwamba ukijenga ukuta mbele ya mstari huo umemaliza kazi. Tetere wa ukosi haendi hivyo. Kinda anapojitegemea huruka mbali, wakati mwingine mamia ya kilomita, akapita mashamba na miji ambayo ingemtosha kabisa, akatua mahali ambapo hakuna mwenzake. Wakitua wawili wa jinsia tofauti, panakuwa na kituo kipya mbele ya mstari, na watoto wa kituo hicho hurudi kuijaza nafasi iliyoachwa nyuma huku wengine wakiruka tena mbele. Kwa hiyo siku ambayo mtu anamwona ndege wa kwanza uani kwake, huenda ndege huyo amekwisha kuwa na kituo mbele yake na kituo nyuma yake.

Kuvuka bahari ya Atlantiki, hata hivyo, alihitaji mkono wa binadamu, na mkono wenyewe ulikuwa wa mwizi. Katikati ya miaka ya 1970, huko Nassau katika visiwa vya Bahama, duka la ndege wa kufugwa lilivunjwa usiku na baadhi ya tetere wakatoroka. Mwenye duka akawaachilia waliobaki. Jumla yao walikuwa hamsini hivi. Miaka ya 1980 ilipoanza, wajukuu wa hao hamsini walikuwa tayari wako Florida, na hapo ndipo linapokuja lile kosa la mzee wetu: waliowaona walidhani ni njiwa wa vizimbani, yule mweupe-mweupe wa kufugwa ambaye ukoo wake unatoka kwa tetere wa ukanda mkavu wa Afrika, kuanzia Saheli hadi Somalia. Ndege hao wawili wanafanana sana. Ilipofika mwaka 1986 ndipo mtazama ndege mmoja alipowachunguza kwa makini na kutambua kwamba si wafugwao waliotoroka, ni taifa jipya linalozaana lenyewe. Kufikia wakati huo hapakuwa na wavu wa kuwatosha. Kutoka Florida walikwenda tena kaskazini magharibi, kama ambao wana dira moja na wale wa Ulaya, na leo wanapatikana karibu kote Marekani, isipokuwa pembe ya kaskazini mashariki ambako bado ni wachache.

Mji huu wa Malindi nao una historia yake ya kusafirisha viumbe. Mwaka 1415 twiga aliyetoka hapa alifikishwa China kuwa zawadi kwa mfalme, akastaajabiwa, akachorwa. Naye alikuwa mgeni wa kutosha, lakini alikuwa mmoja, na mmoja hazai. Hamsini wa Nassau, wenye uwezo wa kutaga mwaka mzima, ni hadithi nyingine kabisa.

Hapa panahitaji maneno mawili kutenganishwa, maana mjadala mwingi huharibika kwa kuyatumia kama ni neno moja. Ndege mgeni ni yule aliyefika mahali ambapo hakuwepo zamani. Ndege vamizi ni mgeni anayeenea mwenyewe na kuleta madhara. Kila vamizi ni mgeni, lakini si kila mgeni ni vamizi. Hata njiwa wa madirishani mwetu, tunayemwita njiwa manga, jina lake lenyewe linatuambia kwamba waliotutangulia walimhesabu kuwa alitoka Arabuni, na hakuna anayedai arudishwe. Muarobaini, ambao umesimama katika kila ua wa mji huu na ambao majani yake tunachemsha kwa homa, asili yake ni Bara Hindi, nao umeanza kuota wenyewe katika misitu ya pwani mahali ambapo haukupandwa na mtu, jambo linalowatia wasiwasi wahifadhi. Ni mti uleule, ukiwa uani ni dawa, ukiwa msituni ni tatizo.

Je, tetere wa ukosi ana madhara huko Marekani? Jibu la kweli ni kwamba hofu ilikuwa kubwa kuliko yaliyoonekana. Njiwa wa asili wa kule, ambaye Wamarekani humwita kwa jina lenye maana ya mwombolezaji kwa sababu ya sauti yake ya huzuni, ana uzito wa gramu 120 hivi. Ilidhaniwa kwamba mgeni mwenye mwili mkubwa namna ile angemfukuza kwenye chakula na viota, lakini maangamizi yaliyotabiriwa hayakutokea, na njiwa mwombolezaji bado ni miongoni mwa ndege wengi zaidi katika nchi ile. Lenye uzito zaidi ni ugonjwa. Njiwa wa kila aina hubeba kijidudu kiitwacho Trikomonasi, ambacho hufanya vidonda kooni hata ndege akashindwa kumeza, na kijidudu hicho huambukizwa pale ndege wengi wanapokula na kunywa mahali pamoja. Tetere wa ukosi hupenda mahali pa namna hiyo hasa: chini ya maghala ya nafaka, kwenye mabanda ya ng'ombe, na kwenye vibao ambavyo watu huwawekea ndege mbegu. Mwewe anayemla njiwa mgonjwa naye huambukizwa. Ni madhara yanayowezekana na yanayofuatiliwa, ila hayafanani na nyumba iliyoungua.

Kwa nini basi hana kikomo? Sababu ni ya kisheria zaidi kuliko ya kibaiolojia. Marekani inayo sheria ya mwaka 1918 inayowalinda ndege wahamao, iliyotokana na mkataba na Uingereza kwa niaba ya Kanada, na sheria hiyo inawahusu ndege wa asili. Njiwa mwombolezaji amo ndani yake: ana msimu wake wa kuwindwa, ambao katika majimbo mengi hufunguliwa tarehe 1 Septemba, na mwindaji hapaswi kuzidisha 15 kwa siku. Tetere wa ukosi, kwa kuwa ni mgeni, yumo nje ya ulinzi huo, na kila jimbo huamua lenyewe la kumfanya. Texas imeamua kwamba hana msimu wala idadi, mradi mwindaji awe na leseni. Majimbo mengine yameongeza sharti dogo lenye busara: mwindaji asimnyonyoe ndege mzima mpaka afike nyumbani, abakize bawa lenye manyoya yake, ili askari wa wanyamapori akilisimamisha gari aweze kutambua yupi ni mgeni na yupi ni mwombolezaji. Ndege aliyenyonyolewa hana ukosi wala mkia wa kumtambulisha. Ule mpangilio wa njiwa kwenye kibao cha gari, ambao barazani ulionekana kama majivuno, kwa sehemu ni desturi ya watu waliozoea kukaguliwa.

Kutokuwa na kikomo kukatufanya sote tudhani kwamba nia ni kumwangamiza, na kwamba kijana wetu, kwa bunduki yake ya marisau, ni askari katika vita fulani. Hesabu inakataa. Tuchukue mfano wa njiwa 1,000, yaani jozi 500. Jozi moja hutaga mayai mawili kila mara, na katika mwaka inaweza kurudia mara tatu hadi sita, kwa sababu dume na jike husaidiana kuatamia, na makinda hulishwa maziwa mazito yanayotengenezwa kooni mwa wazazi wote wawili, hivyo hawalazimiki kungoja msimu wa wadudu kama ndege wengine. Tuseme ni mara nne. Hayo ni mayai 4,000. Tuwe wakali, tuseme robo tatu zitapotea kwa kunguru, paka, nyoka na upepo, wabaki 1,000. Tuseme tena kwamba theluthi moja ya wazazi watakufa kwa sababu zao. Mwisho wa mwaka tunao karibu 1,670. Mwindaji anayetaka idadi ibaki pale pale ilipoanza, achilia mbali kupungua, lazima apige ndege wawili katika kila watano, kila mwaka, katika nchi nzima, bila kuchoka.

Na hata huo ni upande mwepesi wa hesabu. Mahali palipojaa njiwa, wanaokufa hufa kwa sababu hakuna nafasi: chakula kimegawanywa, miti mizuri imeshikwa. Fikiria matatu ya Mombasa iliyojaa katika stendi ya Malindi, na abiria wengine ishirini wamesimama nje. Ukimshusha mmoja, gari haliondoki na kiti kitupu, anapanda aliyekuwa akingoja. Ndivyo ilivyo kwa njiwa wanaopigwa baada ya mavuno ya nafaka: wengi wao, wachanga hasa, wangekufa kabla ya msimu mwingine kwa njaa au baridi, na waliopigwa wamewaachia wenzao viti. Wataalamu wa wanyamapori wameijua kanuni hii kwa muda mrefu, na ndiyo inayofanya njiwa wa asili wawindwe kwa mamilioni kila mwaka bila kutoweka. Kanuni inayomlinda mwenyeji dhidi ya bunduki humlinda na mgeni vilevile.

Lipo na jambo la mahali. Tetere wa ukosi ni ndege wa mjini. Hulala kwenye miti ya barabarani, hujenga nyuma ya taa na kwenye nguzo za umeme, na mjini hapafyatuliwi bunduki. Mwindaji anayesubiri kando ya shamba huvuna ziada ya mji, huku mji wenyewe, ambao ndio kiwanda, haujaguswa. Nami naongeza langu, ambalo ni maoni tu: mtu anayeufurahia uwindaji, na anayepata kitoweo kizuri kutokana nao, hana sababu ya kutaka uishe. Ndege asiye na msimu wala kikomo amekuwa neema kwa mwenye leseni. Ukimuuliza kijana wetu kama angependa tetere wa ukosi atoweke Texas, sidhani kama angejibu haraka.

Haina maana kwamba bunduki haijapata kufaulu popote. Mfano mzuri uko ng'ambo ya bahari yetu hii hii. Huko Shelisheli, kisiwani Mahé, kasuku wa kijani wenye pete shingoni, waliotoka kwenye vizimba, walikuwa wameanza kuzaana na kuhatarisha kilimo, na ikahofiwa kwamba wangefika Praslin, anakoishi kasuku mweusi ambaye ni ndege wa taifa wa nchi hiyo. Kuanzia mwaka 2013 kikosi maalumu kikawafuata kwa bunduki mmoja mmoja. Waliouawa kwa jumla walizidi 500, wa mwisho mwaka 2017, na mwaka 2019 baada ya kungoja na kuchunguza ikatangazwa kwamba kisiwa kimesafika. Utaona tofauti zote kwa mara moja: kisiwa, idadi ya kuhesabika, watu wanaolipwa ili kazi iishe badala ya wanaolipa ili iendelee, na hakuna wengine nje wanaongoja kupanda. Na ugumu wa mwisho ni kwamba kasuku kumi wa mwisho huchukua muda mrefu kuliko mia za mwanzo.

Kwetu Malindi somo hili lina jina, nalo ni kunguru. Simzungumzii yule mwenye kifua cheupe, ambaye ndiye kunguru wetu wa asili na ambaye siku hizi ni nadra kumwona mjini. Ninamzungumzia yule mwembamba mwenye shingo la kijivu, kunguru wa India, aliyefikishwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, inasemekana ili asaidie kula taka, na aliyeonekana Mombasa mwaka 1947. Huyu hana mashaka ya tetere: ni vamizi kwa kila maana. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, hunyakua vifaranga, hushambulia matunda, na hapa pwani wanaoanika samaki huajiri watoto wa kumkimbiza.

Lakini mtazame kwa jicho la mwindaji. Nyama yake hailiwi, hivyo hakuna atakayetumia risasi au siku nzima kwa ajili yake. Manati humfukuza mara moja tu. Asubuhi moja pale wanapoteremshia samaki nilimtazama mtoto wa miaka kumi hivi akiinama kuokota jiwe: kabla mkono wake haujagusa mchanga, kunguru wanane waliokuwa kwenye ukingo wa mashua walikuwa wamekwisha kuruka hatua tano nyuma, umbali wa jiwe kabisa, wala si zaidi. Aliposimama mtu mwingine mwenye ndoo mkononi, hawakutikisika. Ndege wa namna hiyo ukimpiga mmoja mbele ya wenzake umewafundisha wengine wote sura yako na silaha yako.

Ndiyo maana kazi ya kumpunguza imekuwa ya sumu na subira. Sumu yenyewe, iitwayo Starlicide, ilitengenezwa Marekani dhidi ya kwezi wa Ulaya, ndege mwingine mgeni, ambaye kiasi cha mia moja hivi waliachiliwa katika bustani moja ya New York mwaka 1890 na 1891 wakazaa mamilioni. Hufanya kazi polepole, na upole huo ndio siri yake: kunguru hula nyama iliyotegwa, huondoka, na hufa saa kadhaa baadaye kwenye mti wa kulala, mbali na chambo, kwa hiyo wenzake hawaunganishi mlo na kifo. Sehemu kubwa ya sumu huvunjika mwilini mwake kabla ya kufa, jambo linalopunguza hatari kwa atakayeula mzoga. Bado ni kazi ya waliofunzwa, ambao kwanza huweka nyama isiyo na kitu kwa siku kadhaa na kuangalia ni nani anakuja kula, ili kozi au paka wa mtu asiingie katika hesabu.

Kenya iliwahi kuitumia zaidi ya miaka ishirini iliyopita, kunguru wakapungua, kisha uagizaji wa sumu ukasimama na wao wakarudi. Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaondoa kunguru milioni moja katika pwani kabla ya mwaka huo kwisha. Ukubwa wa namba hiyo unaonyesha kilichopotea kwa kungoja. Hoek van Holland, bandari ya Uholanzi, ilipokea kunguru wachache wa aina hii walioshuka na meli miaka ya 1990, wakazaa hadi kufikia makumi tu, na waliondolewa kwa bunduki na mitego, ingawa hata hao wachache waliwasumbua walengaji kwa werevu wao. Sisi tuliwaachia mabiwi ya taka yasiyozolewa, machinjio yasiyofunikwa na karne moja ya muda. Hata leo sumu ikiua nusu yao na jaa la Malindi likabaki kama lilivyo, viti vitakuwa vitupu na abiria wako stendini.

Tofauti nyingine na Texas ni ya sheria. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kuchukua ndege wa mwituni kwa hiari yake. Kijana wa hapa anayeingia pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke na manati, ulimbo au kitanzi hawezi kujitetea kwamba njiwa ni wengi. Na hao si wageni: tetere wetu wa mstari shingoni ni mwenyeji, na adui yake mkubwa mjini ni yule kunguru. Nje ya dirisha la chumba ninachoandikia kuna muarobaini, na kwenye tagaa la pili tetere mmoja alijenga mwaka jana. Nasema alijenga kwa heshima tu, maana kiota cha tetere ni vijiti ishirini vilivyolazwa ovyo, na ukisimama chini yake unayaona mayai mawili meupe dhidi ya anga. Siku ya tisa nilisikia mabawa yakipiga majani kwa nguvu. Nilipofungua dirisha, mama alikuwa kwenye waya wa nguo, kunguru wawili walikuwa kwenye tagaa, na mmoja wao alikuwa ameshika yai kwa ncha ya mdomo bila kulivunja, kama mtu aliyebeba kikombe cha kahawa.

Nilimwomba jirani yangu amwulize kijana jambo moja: kabla hajaenda kuwinda tena, apige picha ya waya za umeme zilizo mbele ya maghala ya nafaka, kisha baada ya wiki arudi apige tena mahali pale pale, saa ile ile. Hilo si utafiti, na nilimwambia hivyo. Picha zote mbili zimefika. Katika ya kwanza nilihesabu tetere 41. Katika ya pili, iliyopigwa siku sita baada ya yeye na wenzake wawili kujaza tena kibao cha gari, nilihesabu mara mbili kwa sababu wawili walikuwa wakiruka, na nikapata 43.